Arnold Ridley: Mzee mpole wa 'Dad's Army' aliyeficha majeraha ya vita

Na Mwandishi Wetu

KWA wapenzi wa historia ya vita, nchini Uingereza ipo burudani moja isiyo na kelele: kupaka rangi sanamu ndogo za askari. Sanamu hizo, nyingi zikiwa na kimo cha milimita 28 hivi, hutengenezwa kwa madini au plastiki. Mwenye nayo huiosha kwa maji ya sabuni, huondoa mabaki ya kalibu kwa tupa ndogo, huipaka rangi ya msingi, kisha huanza kazi ya siku nyingi kwa brashi yenye ncha mithili ya sindano.

Wengi huchagua makomandoo, marubani na madereva wa vifaru. Wapo, hata hivyo, wanaochagua kundi la wazee, vijana wadogo na watu wenye maradhi, ambao adui walimsubiri lakini hakuja. Hao ni mgambo wa kujitolea wa Walmington-on-Sea, mji usiopatikana katika ramani yoyote, kwa kuwa ulibuniwa kwa ajili ya mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya BBC ulioitwa Dad's Army.

Katika kundi hilo, sanamu isiyotisha hata kidogo ni ya mzee mwenye nywele nyeupe, uso wa upole na begi la huduma ya kwanza. Huyo ni Askari Godfrey, ambaye watazamaji humkumbuka kwa adabu zake na kwa tabia yake ya kuomba ruhusa ya kwenda msalani kila shughuli inapopamba moto.

Mtu aliyeigiza nafasi hiyo aliitwa Arnold Ridley. Mamilioni ya watu walimcheka, na hiyo ndiyo kazi iliyompa riziki uzeeni. Kicheko hicho, hata hivyo, kilifunika jambo zito. Mzee huyo aliyeonekana dhaifu kuliko wenzake wote alikuwa ameingia katika Vita Kuu zote mbili za Dunia, na ya kwanza ilimwachia majeraha ambayo hayakupona hadi anaingia kaburini.

William Arnold Ridley alizaliwa Januari 7, 1896, katika mji wa Bath, magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na duka la viatu, na pia alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Kijana Ridley alisoma katika shule za mji huo, akaendelea Chuo Kikuu cha Bristol, akajiandaa kuwa mwalimu. Alipenda mambo mawili kupita yote: mchezo wa raga na jukwaa la maigizo. Klabu ya raga ya Bath aliipenda maisha yake yote, na miaka mingi baadaye alipewa heshima ya kuwa rais wake.

Mwaka 1914, vita ilipolipuka, alikwenda kujiandikisha jeshini kama walivyofanya vijana wengi wa rika lake. Alikataliwa kwa sababu ya kasoro ya kidole cha mguu. Mwaka uliofuata jeshi lilikuwa limekwisha kupoteza watu wengi mno kiasi cha kutojali tena vidole vya miguu. Ridley akapokewa na kupelekwa Ufaransa akiwa askari wa kawaida wa kikosi cha Somerset Light Infantry.

Huko alikutana na Somme. Mapigano ya Somme yalianza Julai 1, 1916, na katika siku hiyo ya kwanza peke yake jeshi la Uingereza lilipata majeruhi na wafu zaidi ya 57,000, wakiwemo zaidi ya 19,000 waliopoteza maisha. Vita hiyo iliendelea hadi Novemba. Zamu ya Ridley ilifika Septemba, wakati kikosi chake kilipoamriwa kuyavamia mahandaki ya Wajerumani.

Mapigano ya ndani ya mahandaki hayakuwa ya kulengana kwa mbali. Watu walikabana mwili kwa mwili. Ridley alipigwa kichwani kwa kitako cha bunduki, akachomwa singe kwenye kinena, na mkono wake wa kushoto ukakatwa vibaya kwa singe hiyohiyo. Miguu yake nayo ilipata kuingiwa na vipande vya mizinga. Alikuwa na umri wa miaka 20.

Madaktari walimfanyia upasuaji mara kadhaa. Mkono waliuokoa, lakini haukurudi kuwa mkono kamili. Vidole vyake vilikuwa kama vya pambo tu. Pigo la kichwani lilimletea kuzirai kwa ghafla, hali iliyomwandama miaka yote iliyosalia. Usiku zilimjia ndoto za kutisha. Jeshi likamruhusu kurudi nyumbani kwa sababu za kiafya, akiwa na cheo cha koplo usu.

Katika miaka ile palikuwa na desturi moja ya kikatili mitaani nchini humo. Baadhi ya wanawake walitembea na manyoya meupe, na kila walipomwona kijana aliyevaa nguo za kiraia walimkabidhi unyoya mmoja, ishara ya kumwita mwoga anayekimbia vita. Ridley, aliyekuwa ametoka kuponea chupuchupu, naye alipewa unyoya wake. Beji ya kuonyesha kwamba ameachishwa jeshi kwa majeraha alikuwa nayo, ila hakuivaa. Aliupokea unyoya ule bila kujibu neno.

Kunyamaza huko ndiko kulikomtambulisha maisha yake yote.

Mwaka 1918 alijiunga na kundi la maigizo la Birmingham Repertory Theatre, akacheza nafasi nyingi kwa muda wa miaka miwili, kisha akahamia Plymouth. Lakini mwili ulikataa. Majeraha yalimsumbua hata akalazimika kuliacha jukwaa na kurudi Bath, kuuza viatu katika duka la baba yake. Kwa kijana aliyekuwa ameanza kujijengea jina, huo ulionekana kuwa mwisho wa safari.

Ukombozi wake ulitoka mahali asipopatarajia. Jioni moja alikwama katika stesheni ndogo ya reli ya Mangotsfield, karibu na Bristol, akisubiri treni ya kumrudisha nyumbani. Reli za eneo hilo zilipinda kwa namna ambayo msafiri aliweza kusikia treni ikija kwa kishindo, ikapita, bila yeye kuiona. Katika upweke wa stesheni ile, sauti hiyo ilimpa kisa kizima: wasafiri waliokwama usiku katika stesheni ya mbali, na treni ya kizuka inayopita kwenye reli isiyotumika.

Alikiandika kisa hicho mwaka 1923 na kukiita The Ghost Train. Kilipopandishwa katika jukwaa la St Martin's mjini London mwishoni mwa mwaka 1925, kilivuma. Kilionyeshwa zaidi ya mara 600. Mafundi wa jukwaa waliigiza mngurumo wa treni kwa mabati, ngoma na rola la bustani lililoviringishwa juu ya mbao, na watazamaji wakashika viti vyao kwa hofu. Sinema kadhaa zilitengenezwa kutokana na mchezo huo, zikiwemo za mwaka 1927, 1931 na 1941.

Anayeujua mchezo huo atakumbuka mhusika wake mmoja, Teddie Deakin. Tangu mwanzo Deakin huonekana mtu wa mzaha, mpuuzi anayewaudhi abiria wenzake. Mwishoni ndipo inapobainika kwamba ndiye mpelelezi, na kwamba wakati wote alikuwa akiwasaka wahalifu. Miaka zaidi ya 40 kabla ya Godfrey, Ridley alikuwa tayari ameandika habari za mtu anayedharauliwa, ambaye thamani yake imefichika.

Mafanikio hayo yalimpa fedha na jina. Aliandika michezo mingine zaidi ya 30, akaongoza maonyesho, akaingia pia katika biashara ya sinema. Hapo ndipo bahati ilipomgeuka. Katikati ya miaka ya 1930 alianzisha na wenzake kampuni ya kutengeneza filamu, na filamu yao ya Royal Eagle ikatoka mwaka 1936. Muda si muda waliokuwa wakiifadhili kampuni hiyo walifilisika, na Ridley akabaki na madeni.

Alichukua miaka mingi kuyalipa. Katika dhiki hiyo aliuza haki ya vikundi vya waigizaji wa ridhaa kuuigiza mchezo wa The Ghost Train, kwa bei ya pauni 200 tu. Mchezo huo umeigizwa na vikundi hivyo mara nyingi sana katika kumbi za shule, makanisa na vijiji. Ada za maonyesho hayo, ambazo zingemlinda katika uzee wake, zilikwenda mifukoni mwa wengine.

Kisha ikaja vita ya pili. Oktoba 1939, akiwa na umri wa miaka 43, mkono mmoja haufai na kichwa chenye kovu, Ridley alirudi jeshini. Safari hii alipewa uofisa, cheo cha luteni usu, na kazi ya kuwasindikiza waandishi wa habari waliofuatana na jeshi la Uingereza nchini Ufaransa. Haikuwa kazi ya kufyatua risasi. Hata hivyo, alipotia tu mguu katika bandari ya Cherbourg, kiwewe alichodhani kimelala kwa zaidi ya miaka 20 kiliamka upya.

Mei 1940, majeshi ya Ujerumani yalipopenya hadi pwani ya Ufaransa, Ridley aliondoka katika bandari ya Boulogne ndani ya manowari iliyojaa watu pomoni. Aliyoyaona huko hakupenda kuyasimulia. Mwanzoni mwa Juni mwaka huo aliacha uofisa wake kwa sababu za kiafya.

Mtu mwingine angesema imetosha, na hakuna ambaye angemlaumu. Ridley alirudi nyumbani Caterham, kusini mwa London, akajiunga na mgambo.

Hapa inafaa kueleza mgambo hao walikuwa watu gani. Mei 14, 1940, Waziri wa Vita wa Uingereza, Anthony Eden, alitangaza redioni kwamba serikali inawahitaji wanaume wa umri wa miaka 17 hadi 65, wasiokuwa jeshini, wajitolee kulinda maeneo yao dhidi ya uvamizi wa Wajerumani. Katika siku saba walijiandikisha watu wapatao 250,000. Kufikia Julai idadi hiyo ilikaribia milioni moja na nusu, na mwezi huohuo jeshi hilo likapewa jina la Home Guard, kama alivyotaka Waziri Mkuu Winston Churchill.

Kwa wasomaji wa Kenya, jina hilo huleta kumbukumbu tofauti na chungu: mahomugadi wa miaka ya 1950, waliotumika upande wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau. Mgambo wa Uingereza wa mwaka 1940 walikuwa watu wengine kabisa. Hao walikuwa makarani, wakulima, wauza duka na wastaafu waliofanya kazi zao mchana na kulinda madaraja na reli usiku, bila mshahara.

Mwanzoni hawakuwa na silaha za kutosha. Wengine walifanya gwaride na bunduki za kuwindia, wengine na fimbo za ufagio. Mwaka 1941 baadhi yao waliletewa mabomba ya chuma yaliyochomelewa singe, yaani mikuki, wakati adui ana ndege na vifaru. Watu waliwacheka. Pamoja na hayo, zaidi ya 1,200 kati yao walipoteza maisha wakiwa kazini, kwa mabomu, ajali na hatari nyingine, kabla jeshi hilo halijapumzishwa Desemba 1944.

Ridley aliyafanya hayo sambamba na kuzunguka nchi na shirika la ENSA, lililowaburudisha askari na wafanyakazi wa viwandani kwa maigizo na muziki. Mwaka 1945 alimwoa mwigizaji Althea Parker, ikiwa ndoa yake ya tatu, na miaka miwili baadaye wakapata mtoto wa kiume, Nicolas.

Baada ya vita mambo yalibadilika. Kalamu yake haikukauka. Mchezo wake wa Easy Money ulitengenezewa sinema mwaka 1948, na ule wa Beggar My Neighbour ukazaa sinema ya mwaka 1953 iliyoitwa Meet Mr. Lucifer, iliyoikejeli televisheni iliyokuwa ikianza kuingia majumbani. Lakini mtindo wake wa uandishi ulianza kuonekana wa kizamani. Umri ukapanda, fedha zikapungua. Akarudi kuigiza nafasi ndogo ndogo, ikiwemo ya mwoka mikate katika mchezo wa redio wa The Archers.

Ndipo mwaka 1968 televisheni, ileile iliyokejeliwa na sinema ile, ilipomwita.

Mwandishi Jimmy Perry, ambaye ujana wake ulipitia katika mgambo wa Watford, alikuwa amebuni mchezo juu ya mgambo hao, akauandika pamoja na David Croft. Waliwakusanya waigizaji ambao wengi wao vita haikuwa hadithi kwao. John Laurie, aliyeigiza nafasi ya Frazer, alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza. Clive Dunn, aliyeigiza mzee Jones muuza nyama ilhali yeye mwenyewe hajafika miaka 50, alikuwa amekaa miaka minne akiwa mateka wa Wajerumani. Ridley alikuwa na umri wa miaka 72, mkubwa kuliko wote.

Dad's Army ilianza kurushwa Julai 31, 1968, na kumalizika Novemba 13, 1977, baada ya vipindi 80. Katika kilele chake ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 18. Ridley alikuwamo karibu katika vyote, tena akashiriki katika sinema ya mwaka 1971 na onyesho la jukwaani akiwa anakaribia miaka 80. Wenzake walimsaidia kupanda na kushuka gari, naye alikaa kwenye kiti chake akisubiri zamu, bila manung'uniko.

Kipindi kimoja cha mwaka 1969, kilichoitwa Branded, ndicho kinachombeba zaidi. Ndani yake Godfrey anamweleza kiongozi wao, Kapteni Mainwaring, kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza alikataa kushika silaha kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu kuua. Kapteni anamwona mwoga. Wenzake wanamtenga, hawataki hata kukaa naye. Baadaye, katika mazoezi ndani ya kibanda kilichojaa moshi, Mainwaring anazidiwa, na anayeingia kumwokoa ni mzee yuleyule.

Wanapokwenda kumwona akiwa kitandani, macho yao yanaangukia picha ya ukutani. Ni Godfrey kijana, kifuani mwake ipo nishani ya ushujaa. Dada yake ndiye anayeeleza kwamba alijitolea kubeba machela, akaingia katikati ya risasi huko Somme kuwatoa majeruhi. Nishani hiyo hakuwa akiivaa, na hakuwahi kumwambia mtu.

Walioandika kisa hicho walimtungia Godfrey. Aliyekicheza alitoka kweli Somme. Godfrey alikataa kuua. Ridley alipigana singe kwa singe. Hata hivyo wote wawili waliitwa waoga na watu wasiojua lolote, na wote wawili walikuwa na alama ya heshima waliyochagua kutoivaa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika kipindi hicho mshindo huo ulisikika bila Ridley kupaza sauti.

Wapakaji wa sanamu wana sababu yao ya kukipenda kipindi hicho. Misimu miwili ya kwanza ya mchezo ilirekodiwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Rangi kamili zilianza na msimu wa tatu, mwaka huo wa 1969, ambamo Branded imo. Humo ndimo wanamoweza kuitazama kaki ya sare, hudhurungi ya ngozi ya mikanda na weupe wa nywele za Godfrey. Kwa sanamu ya Jones hutumia ncha nyembamba kabisa ya brashi kuchora utepe mmoja mmoja wa nishani zake. Kwa Godfrey kazi ni nyepesi zaidi. Mkono uliokatwa kwa singe, kovu la kichwani na usiku wa ndoto mbaya havina mahali pa kuonekana katika sanamu ya milimita 28.

Ndivyo pia ilivyokuwa sebuleni kwa mamilioni ya watazamaji. Walimwona mzee anayeomba ruhusa ya kwenda msalani, wakacheka. Mitaani mwetu nako wamo wazee wa namna hiyo, wanaopishwa kwenye foleni kwa kuhurumiwa, na hakuna anayewauliza walipita wapi. Mtu asiyejisifu huhesabiwa hana la kusifiwa.

Mwaka 1982 Ridley alitunukiwa nishani ya OBE kwa mchango wake katika sanaa ya maigizo. Alifariki dunia Machi 12, 1984, akiwa na umri wa miaka 88, na majivu yake yakazikwa katika makaburi ya Bath Abbey, pamoja na wazazi wake. Mwaka 2009 mwanawe Nicolas alichapisha kitabu juu yake. Kizazi cha sasa kinalifahamu jina la ukoo huo kupitia Daisy Ridley, nyota wa filamu za Star Wars, ambaye ni wa ukoo mmoja na Arnold.

The Ghost Train bado inaigizwa. Vikundi vya ridhaa vingali vikiviringisha rola juu ya mbao nyuma ya pazia, na watu kumbini wangali wakigeuza vichwa kuitafuta treni isiyokuwepo.